Kodi na Kipimo Chake: Mwananchi wa Kipato Kidogo katika Historia ya Sheria za Kodi Nchini Tanzania

Utangulizi

Kwa vizazi vingi nafaka katika masoko yetu iliuzwa kwa kibaba na kwa pishi. Vibaba vinne vilifanya pishi moja, na mnunuzi alisimama mbele ya muuzaji akakiona chombo kikijazwa hadi ukingoni. Mnunuzi huyo aliweza kulalamika kwamba bei imepanda, au kwamba mchele una chuya, lakini hakuweza kusema kwamba hakujua amepimiwa kwa chombo gani. Muuzaji aliyejulikana kuwa na kibaba chenye hila alipoteza jina lake, na aliyepoteza jina sokoni hakuwa na cha kuuza tena.

Makala haya yanakusudia kuitazama historia ya kodi nchini mwetu kwa kuufuata mfano huo wa kibaba. Waandishi wengi wameichukua kodi kuwa ni suala la hazina ya serikali tu, yaani kiasi gani kilikusanywa na kilitumika wapi. Hapana shaka kwamba hilo ni jambo muhimu, maana pasipo kodi hapana shule, zahanati wala barabara. Hata hivyo, kodi ni sehemu ya utamaduni pia. Imeingia katika ujenzi wa nyumba zetu, katika ndoa, katika safari za vijana kwenda mashambani, na katika lugha tunayoisema. Kwa hiyo yafaa tuitazame kwa macho ya yule aliyeilipa: mkulima wa jembe, fundi cherehani, mama lishe, na mwenye duka dogo.

Hoja tutakayoijenga ni hii. Wananchi wetu mara chache sana wamekataa kodi kwa sababu tu ni kodi. Walichokikataa, tena kwa nguvu, ni kipimo wasichokiona, kilichoshikwa na mtu wasiyeweza kumhoji. Kila mara kipimo kilipokuwa wazi walijipanga ili wakitimize, na kila mara kilipofichwa nao walijificha.

Ushuru, hongo na zaka

Lugha ni shahidi wa kwanza wa historia. Neno ushuru limetoka katika Kiarabu, na asili yake ni sehemu moja katika kumi. Maana yake ni kwamba kipimo kilikaa ndani ya jina lenyewe. Zaka nayo, kwa Waislamu, ina kiwango kinachojulikana na kila muumini, na mwenye mali hujihesabia mwenyewe kwa kumcha Mungu. Neno hongo, ambalo leo tunalitumia kwa maana ya rushwa, katika karne ya 19 lilikuwa na maana ya malipo ambayo misafara ya biashara iliwapa watawala wa nchi ilizopitia. Misafara iliyovuka Ugogo kwenda Unyanyembe na Ujiji ilitoa nguo, shanga na nyaya za shaba, na kwa malipo hayo ikapata maji ya visima, chakula, na njia ya salama. Wasafiri wa Kizungu waliopita huko waliandika manung'uniko mengi juu ya hongo. Lakini tukitafakari kwa haki tutaona kwamba katika nchi kavu kama ile, anayetunza kisima ana haki ya kuuliza jambo kwa yule anayekinywea.

Pwani na Unguja mambo yalikuwa na sura nyingine. Katika mkataba wa mwaka 1833 kati ya Sayyid Said na Marekani, ushuru wa bidhaa ulikubaliwa kuwa asilimia 5. Lakini forodha yenyewe ilikodishwa kwa wafanyabiashara, na mashuhuri miongoni mwao alikuwa Jairam Shivji. Mwenye kukodi forodha alimlipa Sultani kiasi kilichopatanwa kila mwaka, na kilichozidi kikawa chake. Utaratibu huo ulimpunguzia mtawala kazi ya kuajiri makarani, lakini ulikuwa na kasoro kubwa: mpimaji alifaidika na kila punje iliyozidi katika kibaba.

Tusiyapambe mambo ya kale kupita kiasi. Hongo haikuandikwa popote, na kiasi chake kilitegemea nguvu ya mtawala na udhaifu wa msafara. Katika sehemu nyingi za bara watu walimlimia mtawala wao na kumpelekea sehemu ya mawindo, na wapo watawala waliodai kupita kiasi. Pamoja na hayo, mlipaji na mpokeaji waliishi karibu. Aliyepeleka pembe ya ndovu alimjua anayeipokea, na wakati wa njaa alikuwa na mlango wa kubisha.

Nyumba yageuka kuwa kipimo

Mapambano ya kwanza makubwa kati ya watu wa Mrima na Wajerumani yalihusu, pamoja na mambo mengine, haki ya kutoza ushuru. Mwaka 1888 Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki ilipata kwa Sultani wa Zanzibar mkataba wa kuendesha forodha za pwani. Mwezi Agosti mwaka huo maofisa wake walipoanza kushika mamlaka, Pangani iliwaka moto, na vita vikaenea katika miji ya pwani chini ya Abushiri bin Salim, huku Bwana Heri akiongoza upinzani wa Saadani. Abushiri alinyongwa Pangani mwezi Desemba 1889. Hakuna awezaye kudai kwamba vita hivyo vilikuwa vya ushuru peke yake, kwani heshima, dini na utawala wa nchi vilihusika pia. Lakini watu walitambua mapema kwamba anayeshika forodha ameishika nchi.

Baada ya kuikalia nchi, serikali ya Kijerumani ilitoa amri ya kodi ya nyumba mwaka 1897, nayo ikaanza kutekelezwa mwaka 1898. Nyumba ya kawaida ya shamba ilitozwa rupia 3 kwa mwaka. Mwanzoni iliruhusiwa kulipa kwa mazao au kwa kazi, lakini kadiri miaka ilivyopita serikali ilisisitiza fedha taslimu. Lengo halikuwa mapato tu. Mkulima asiye na rupia alilazimika kuitafuta, na mahali pa kuipata palikuwa ni shamba la mlowezi, au zao la kuuza.

Hebu tukitazame kipimo hiki. Kilichohesabiwa ni paa. Kilichokuwamo chini ya paa, yaani mavuno, mifugo, maradhi au njaa, hakikuulizwa. Mwenye mifugo mingi na nyumba moja alitozwa sawa na mnyonge mwenye nyumba moja. Mwaka wa mvua na mwaka wa ukame ilikuwa ni rupia zile zile. Kipimo kilikuwa rahisi kwa mpimaji, kwa sababu paa huonekana kwa mbali na haliwezi kukimbizwa porini.

Basi watu walifanya nini? Walijipanga. Mahali pengi familia mbili au tatu ziliingia katika nyumba moja, na vijana waliooa wakachelewa kujenga. Hapa twaona, miaka mingi kabla ya kuwapo washauri wa kodi mijini, jambo ambalo leo huitwa upangaji wa kodi: mwananchi anaisoma sheria kama ilivyo, kisha anayaelekeza maisha yake mahali ambapo itamgusa kidogo zaidi. Hakuvunja amri yoyote. Amri ilisema nyumba, naye akapunguza nyumba. Lakini gharama ya mpango huo haikuwa ndogo. Mila za makabila yetu mengi hutenga malazi ya wazazi na ya watoto waliobalehe, na huweka umbali wa heshima kati ya mtu na mkwewe. Msongamano chini ya paa moja uliziumiza mila hizo. Rupia 3 ziliokolewa kwa kuitoa staha ya nyumba.

Nayo sheria haikukaa kimya. Watawala walipoona nyumba zinapungua, waliongeza kodi ya kichwa juu ya mwanamume mzima asiye na nyumba ya kulipia. Kwa hiyo kanuni moja ya historia ya kodi ilijidhihirisha mapema: mlipaji hujipanga kwa sheria ya jana, na mtunga sheria huitunga ya kesho kwa kuutazama mpango huo.

Kodi ilikusanywa kwa mikono ya maakida na majumbe, ambao wengi wao walitumia Kiswahili katika kazi zao. Maneno kama karani, hesabu, cheti na stakabadhi yaliingia vijijini yakiwa yameshikamana na kodi. Na neno kodi lenyewe lina maana mbili katika lugha yetu: malipo kwa serikali, na malipo ya mpangaji kwa mwenye nyumba. Si vigumu kuelewa jinsi mkulima alivyolisikia neno hilo alipotozwa kwa nyumba aliyoijenga kwa mikono yake, katika ardhi ya babu zake.

Mwezi Julai 1905 vita vya Maji Maji vilianza katika vilima vya Umatumbi. Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe alinyongwa mwanzoni mwa Agosti mwaka huo huo, lakini vita viliendelea hadi mwaka 1907 na kuenea kusini yote. Sababu zilizotajwa na wazee na wanahistoria ni kilimo cha pamba cha kulazimishwa, kazi za shuruti, bakora za maakida, na kodi. Kwa hesabu ya chini kabisa watu waliokufa ni makumi ya maelfu, wengi wao kwa njaa iliyoletwa na uchomaji wa mashamba na maghala. Mambo hayo manne yalitoka katika shina moja, maana kodi ndiyo iliyowapa watawala kisingizio cha kuidai kazi ya mtu, na bakora ndiyo iliyokuwa stakabadhi ya asiye na fedha.

Kichwa na mfuko

Waingereza walipoitwaa Tanganyika waliendeleza utaratibu huo huo kwa sheria ya kodi ya nyumba na kichwa ya mwaka 1922. Mwanamume mwenye wake wengi alitakiwa kulipa zaidi kwa ajili ya wake walioongezeka. Asiyeweza kulipa aliweza kutakiwa afanye kazi badala ya kodi. Maelfu ya vijana kutoka sehemu zisizokuwa na zao la biashara walisafiri kwenda kukata mkonge Tanga na kwingineko wakiwa manamba, na wengi wao walichokitafuta kwanza kilikuwa ni fedha ya kodi, kabla ya nguo, jembe au mahari.

Yafaa tulinganishe. Kodi ya nyumba ilianza mwaka 1898. Kodi ya mapato, inayopima mfuko wa mtu na kumtaka mwenye kingi atoe kingi, haikuwekwa Tanganyika mpaka mwaka 1940, wakati wa vita. Kwa muda wa miaka 42 mkulima wa Kiafrika alitozwa kwa paa au kwa kichwa, wakati ambapo mlowezi na mwenye kampuni hawakutozwa kodi ya mapato. Zaidi ya hayo, kodi ya mapato ilipokuja ilikuja na busara ambayo mkulima hakuwahi kuonjeshwa: ilitambua kwamba mapato si faida, na kwamba gharama za kuyapata hazina budi kuondolewa kwanza. Hakuna aliyemwuliza mwenye nyumba ya udongo gharama ya mbegu zake.

Mbiru: watu wanaoidai hesabu

Tukio linaloeleza vizuri zaidi hoja yetu lilitokea Upare. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, utawala wa wilaya pamoja na watawala wa kienyeji walianzisha kodi ya nyongeza iliyopangwa kwa ngazi, kufuatana na mali ya kila mtu. Waliipa jina la mbiru, neno la zamani la Kipare lililohusu malipo ya jadi kwa watawala, ili ionekane kuwa ni mila iliyofufuliwa.

Mtu akiisikia habari hii kwa mara ya kwanza hushangaa. Je, kodi ya ngazi si ya haki zaidi kuliko kodi ya kichwa? Je, si vema mwenye ng'ombe wengi alipe zaidi? Katika vitabu jibu ni ndiyo. Lakini Wapare waliitazama kodi hiyo kwa namna ilivyowafikia mlangoni. Mali ya mtu ilikadiriwa na wasaidizi wa watawala. Hapakuwa na hesabu iliyoandikwa ambayo mlipaji angeweza kuishika na kuibishia. Jirani wawili wenye mashamba yanayolingana waliweza kupangiwa viwango mbalimbali, na aliyelalamika alilalamika kwa yule yule aliyemkadiria. Mila ya mbiru ilitajwa kwa jina tu, kwani mapatano ya mlipaji na mpokeaji yaliyokuwa roho ya mila hiyo hayakuwapo.

Mwezi Januari 1945 maelfu ya watu walishuka kutoka milimani wakaandamana hadi Same, makao makuu ya wilaya, kuidai kodi hiyo iondolewe. Hawakuja na mikuki. Walikuja kuzungumza, na walipokosa jibu walikaa. Siku zikawa wiki, na wiki zikawa miezi, watu wakipokezana kambini na wengine wakipeleka chakula. Wanawake nao, hasa wa Usangi, waliingia katika maandamano, wakidai kwamba mashauri yaishe na waume zao warudi majumbani. Mgogoro huo uliendelea hadi miaka iliyofuata vita, na mwishowe mbiru ikaondolewa.

Sehemu ya kisa hiki inayostahili kukumbukwa zaidi ni mwisho wake. Mahali pa mbiru paliwekwa nyongeza ya kodi ya kawaida, kiasi kimoja kwa kila mlipaji, na watu wakailipa. Wenye mali kidogo walikubali kutoa kiasi sawa na wenye mali nyingi, mradi kiasi hicho kijulikane na kisipangwe gizani. Mwanazuoni anaweza kuwaambia kwamba walichagua kipimo kisicho na usawa. Hata hivyo watu hao walikuwa wametufundisha somo ambalo kila mtunga sheria ya kodi angepaswa kulijua: kodi iliyo sawa katika karatasi hugeuka dhuluma ikiwa mlipaji hawezi kuikagua.

Baada ya Uhuru

Taifa huru lilirithi utaratibu wa kodi pamoja na kumbukumbu chungu zake. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilifundisha kwamba fedha ni tunda la maendeleo wala si chimbuko lake, na mwaka 1969 serikali ilifuta kodi za kichwa zilizokuwa zikitozwa na halmashauri za wilaya. Kwa mkulima aliyekumbuka kufukuzwa porini, hilo lilikuwa ni jambo la uhuru lililoonekana kwa macho. Nayo kodi ya mapato, iliyokuwa imeendeshwa kwa pamoja na nchi za Afrika Mashariki, ilipata sheria yake ya kitaifa mwaka 1973.

Lakini mahitaji ya huduma hayakupungua. Halmashauri za wilaya ziliporejeshwa mwaka 1984, kodi ya maendeleo ilikuja pamoja nazo, ikitozwa kwa kila mtu mzima. Jina lilikuwa zuri na nia ilikuwa ya maana, lakini kipimo kilikuwa kichwa kile kile. Katika vijiji vingi picha za zamani zilirudi: mgambo alfajiri, vizuizi njiani, na wanaume waliolala mashambani mpaka msimu wa kodi upite. Kodi hiyo ilifutwa mwaka 2003.

Wakati huo huo, uzito wa kodi ulikuwa ukihamia kwa mfanyabiashara na mnunuzi. Mamlaka ya Mapato Tanzania iliundwa kwa sheria ya mwaka 1995 na kuanza kazi tarehe 1 Julai 1996. Kodi ya Ongezeko la Thamani ilianza mwaka 1998 kwa asilimia 20, ikapunguzwa kuwa asilimia 18 mwaka 2009. Sheria mpya ya Kodi ya Mapato ilianza kutumika mwaka 2004. Na kila mwaka, ifikapo tarehe 1 Julai, Sheria ya Fedha huja na mabadiliko: kiwango hiki kimepanda, kile kimeshuka, msamaha huu umeondolewa. Mwenye kampuni kubwa ana mhasibu na wakili wa kumsomea mabadiliko hayo. Mwenye genge ana redio na maneno ya jirani.

Mfanyabiashara mdogo na daftari lake

Kwa mfanyabiashara mdogo aliye mtu binafsi, sheria imeweka utaratibu wa kumkadiria kwa mauzo yake ya mwaka badala ya faida, maana faida huhitaji hesabu kamili. Tuchukue viwango vilivyokuwa vikitumika mwaka 2020. Mwenye mauzo yasiyozidi shilingi 4,000,000 hakutozwa. Mwenye mauzo kati ya 4,000,000 na 7,000,000 alitozwa shilingi 100,000 ikiwa hakutunza kumbukumbu. Akitunza, alitozwa asilimia 3 ya kile kilichozidi 4,000,000. Kwa hiyo mama lishe mwenye mauzo ya 6,000,000 alilipa 100,000 bila daftari, na 60,000 akiwa na daftari. Mwenye mauzo ya 10,000,000 alilipa 250,000 bila kumbukumbu, na 180,000 akiwa nazo. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na hapa sheria ya nchi imeiandika methali hiyo kwa tarakimu.

Lakini mauzo nayo, kama paa la mwaka 1898, hayasemi yote yaliyomo ndani. Muuza sukari na fundi cherehani wanaweza kuwa na mauzo ya 10,000,000 kila mmoja. Fundi huuza kazi ya mikono yake, na sehemu kubwa ya mauzo hubaki kwake. Muuza sukari huirudisha karibu fedha yote kwa mwenye ghala, na labda hubakiwa na 500,000 tu. Kwa utaratibu wa mauzo wote wawili walitozwa kiasi kimoja. Sheria haikumfungia mlango muuza sukari, kwani ilimruhusu kuchagua kutoka katika utaratibu huo na kutozwa kwa faida yake. Na kwa kuwa mwaka huo huo wa 2020 mapato ya mtu binafsi yasiyozidi shilingi 3,240,000 kwa mwaka hayakutozwa, faida ya 500,000 ingekuwa chini ya mstari. Lakini ni muuza sukari gani aliyeujua mlango huo, na ni nani aliyekuwa na hesabu zinazoweza kuufungua? Haki iliyo katika kifungu cha sheria ambacho mwenyewe hajakisoma hufanana na akiba iliyozikwa na babu asiyeacha wasia.

Hapa hapana budi tutofautishe kupanga na kukwepa. Kutunza stakabadhi za manunuzi, kuwasilisha makadirio kwa wakati na kulipa kwa awamu nne za mwaka ili mtaji usikatwe kwa mara moja, kuchagua utaratibu ambao sheria yenyewe imeuruhusu, yote hayo ni kupanga. Kuficha mauzo ni kukwepa. Kati ya hayo mawili pana mambo ambayo watu wengi hudhani ni werevu, kama vile kuligawa duka moja kwa majina ya mke, ndugu na mtoto ili kila jina libaki katika ngazi ya chini. Babu zetu waliziingiza familia nyingi katika nyumba moja, na wajukuu wameigawa nyumba moja katika majina mengi. Lakini nyumba ya babu ilipungua kweli, ilhali duka lililogawanywa kwa jina tupu bado ni duka moja, na sheria ya mwaka 2004 ina vifungu vinavyompa Kamishna uwezo wa kulirudisha katika umoja wake.

Serikali nayo imetafuta njia mbalimbali za kumfikia mlipaji mdogo. Mashine za stakabadhi za kielektroniki zilianza mwaka 2010. Mwishoni mwa mwaka 2018 vilitolewa vitambulisho vya wajasiriamali wadogo kwa shilingi 20,000, kwa wale ambao mauzo yao hayakuzidi 4,000,000. Machinga wengi walivipokea kwa furaha, kwa kuwa 20,000 ilijulikana, na aliyekionyesha kitambulisho alitarajia kutosumbuliwa. Mwenye kumbukumbu ya Upare hatashangaa. Mwaka 2023 kiwango cha mauzo kinachomlazimisha mtu kujiandikisha katika Kodi ya Ongezeko la Thamani kilipandishwa kutoka shilingi milioni 100 hadi milioni 200.

Hata hivyo, mwezi Mei 2023 wafanyabiashara wa Kariakoo walifunga maduka kwa siku kadhaa, mpaka Waziri Mkuu alipofika kuwasikiliza katika viwanja vya Mnazi Mmoja. Mwezi Juni 2024 maduka yalifungwa tena. Mwaka huo huo Rais aliunda tume ya kutazama upya mfumo mzima wa kodi. Ukiyasikiliza malalamiko ya Kariakoo, utayakuta yanahusu kiasi cha kodi kwa sehemu, lakini kwa sehemu kubwa yanahusu namna: makadirio ambayo mlipaji haoni yalivyofikiwa, ukaguzi wa ghafla, na wingi wa mikono inayodai. Ni malalamiko yale yale yaliyoshuka kutoka milima ya Upare, ila yamevaa nguo za mjini.

Hitimisho

Tumeiona safari ndefu, kutoka hongo ya kisimani hadi mashine ya stakabadhi. Vipimo vimebadilika: pembe, paa, kichwa, mali, mauzo, faida. Katika kila hatua tumeona kwamba mwananchi huitikia kipimo kabla ya kuitikia kiasi.

Leo tunacho kitu ambacho babu zetu wa mwaka 1898 hawakuwa nacho. Ibara ya 138 ya Katiba yetu inakataza kutozwa kodi ya aina yoyote isipokuwa kwa mujibu wa sheria iliyotungwa na Bunge. Kwa hiyo kibaba cha leo ni mali ya wananchi kwa kupitia wawakilishi wao, na mtoza kodi amekabidhiwa tu kukishika. Lakini kibaba hicho, kwa miaka mingi, kiliandikwa kwa lugha ambayo mnunuzi na muuzaji wengi hawaisomi. Mwaka 2021 Bunge lilipitisha mabadiliko yanayokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na mahakama. Miongoni mwa sheria zote, zinazostahili kutangulizwa katika kazi hiyo ni zile za kodi, kwa kuwa ndizo zinazobisha hodi katika kila duka.

Kuna wajibu wa pande zote. Mlipaji hana budi kulifanya daftari kuwa sehemu ya malezi, kama tunavyowafundisha watoto kuhesabu chenji. Shule zetu za msingi zinaweza kumfundisha mwanafunzi kuandika mauzo, manunuzi na kilichobaki, kwa kuwa wengi wao watakuwa wakulima, mafundi na wachuuzi kabla ya kuwa kitu kingine. Mtoza kodi hana budi kumwonyesha mlipaji hesabu yake, kwa maandishi na kwa lugha wanayoielewa wote wawili, na kumpa nafasi ya kuibishia bila hofu. Na mtunga sheria, kabla ya kuongeza badiliko jingine katika orodha ya kila Julai, ajiulize kama mwenye genge ataweza kulieleza kwa jirani yake.

Siku ambayo fundi cherehani atalifungua daftari lake mezani, na ofisa naye akalifungua lake, wakakuta tarakimu zinalingana au wakajua zimeachana wapi, huenda bado watabishana juu ya kiasi. Ubishi wa namna hiyo ulikuwepo sokoni siku zote, nao haukuwahi kulifunga soko.